KAZI YA BABA, KAZI YA MAMA, NA MAFUTA YA TUMBO

Somo kwa wafanyakazi na wakulima wa Ruashi

Vitabu vya kilimo hufundisha habari za udongo, za mbegu na za mbolea. Leo tutatazama mwili wa mtu anayeshika jembe, na mwili wa mtu aliyeliacha. Utauliza: Je, moniteri wa kilimo ana kazi gani na damu ya watu? Ninakujibu hivi: kitu kinachotoka shambani ndicho kinachoingia katika damu. Mtu akila kuliko kazi ya mwili wake, au akila chakula cha namna moja tu siku zote, damu yake inaharibika, na siku moja hataweza kulima wala kuendesha mashini.

Majani ya mahindi yakigeuka manjano, unajua kwamba udongo una njaa. Lakini ugonjwa wa sukari na ugonjwa wa tansio havionyeshi jani la manjano. Vinaingia polepole. Mtu anakwenda kazini, anacheka, anasifiwa kwa unene wake, na huku ndani mishipa inakatika.

Baba mdogo wangu aliendesha kamyo miaka mingi kati ya Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa. Alipoanza kunenepa, watu wa lupango walifurahi. Walisema: Kazi imemkubali. Yeye pia alifurahi, akanunua mkanda mrefu. Halafu akaanza kuamka usiku mara nne, mara tano, kwenda kukojoa, na kunywa maji mengi sana. Tulisema ni joto la mashini. Kisha kidonda kidogo kikatoka katika kidole cha mguu, kwa ajili ya kiatu tu, kikakataa kupona. Alipofika lopitalo, sukari ilikuwa imekwisha kuharibu mguu, wakamkata kidole.

Sasa angalia. Mama mdogo, mke wake, alikula bukari ya sufuria ile ile na mboga ile ile, miaka ile yote. Walipompima hakuwa na sukari wala tansio. Lakini yeye alikwenda kwa miguu shambani kila siku, akalima, akarudi na kuni kichwani. Dada yake mdogo alikaa nao katika lupango moja, akala nao. Huyu aliuza unga sokoni, akikaa juu ya kiti kidogo tangu asubuhi hata jioni. Naye walimkuta na tansio. Watu watatu, sufuria moja, kazi tatu.

Utasema: Nyumba moja haitoshi kuwa ushuhuda. Ni kweli. Mkulima hapimi mbegu kwa shimo moja. Kwa hiyo tutatazama mambo mengine, lakini kwanza tujue mwili unavyofanya kazi.

MWILI NI KAMA MBABULA

Ukitia makala katika mbabula, na hewa ikipita chini, makala yanawaka, sufuria inachemka, majivu yanabaki machache. Ukizidi kutia makala na kuziba mlango wa hewa, moto unalegea na moshi unajaza nyumba. Chakula ni makala yetu. Kutembea, kulima, kubeba na kupanda ndiko hewa.

Bukari, mkate, mihogo na wali vikifika tumboni vinageuka sukari, na sukari inaingia katika damu. Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Kiungo hiki kinatoa maji ya namna yake, jina lake insulini. Insulini ni kama mlinzi mwenye ufunguo: inafungua mlango wa nyama ya mwili ili sukari iingie na kuwaka. Nyama ya mguu na ya mkono inayofanya kazi hufungua mlango upesi, hata kwa ufunguo mdogo. Nyama iliyokaa siku nzima inakuwa na mlango mzito. Sukari inabaki nje katika damu, kongosho inatoa funguo nyingi zaidi, na baada ya miaka inachoka.

Chakula kisichowaka kinawekwa kuwa mafuta. Hayo si mabaya yote. Mwenye ghala hafi kwa njaa. Lakini kuna ghala mbili. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, katika mapaja na matako, hayafanyi vita sana. Mafuta yaliyo ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na matumbo, hayo ndiyo adui. Yanazidisha mafuta mabaya katika damu, yanalifanya ini litoe sukari ovyo, yanapandisha tansio. Waganga huhesabu mambo matano: upana wa kiuno, tansio, sukari, mafuta ya damu ya namna mbaya yakizidi, na mafuta ya namna njema yakipungua. Mtu akiwa na matatu katika hayo matano, wanamwambia kwamba njia ya sukari na ya ugonjwa wa moyo iko wazi mbele yake.

KITI NA NGAZI

Mwaka 1953 mganga mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza habari ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa na ghorofa mbili. Katika kila basi walikuwamo watu wawili wa kazi: dereva aliyekaa, na mkata tiketi aliyepanda na kushuka ngazi siku nzima. Walikuwa watu wa hali moja ya maisha. Lakini madereva waliugua ugonjwa wa moyo kuliko wakata tiketi. Mwaka 1956 Morris akatazama vipimo vya nguo za kazi. Suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Mshona nguo alikuwa ameandika hatari katika daftari lake kabla mganga hajaiona! Lakini tofauti ile ilionekana hata kwa vijana, hivi labda wengine waliingia kazini wakiwa wamekwisha kunenepa, wakapendelea kiti. Kiti hakibebi kosa lote.

Tena shika neno hili: London walihesabu wanaume tu. Hata leo, watu wengi wakisema «mfanyakazi», wanaona mwanaume mwenye kofia ngumu kichwani. Hapa kwetu desturi hiyo ilianza zamani. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Karibu na mwaka 1928 kompani ilianza kutaka mfanyakazi akae kambini pamoja na mke wake kwa mkataba wa miaka mitatu. Baba aliandikwa katika kitabu cha kazi. Mama aliandikwa kama mke wa mfanyakazi. Jembe lake halikuhesabiwa. Mwaka 1967 serikali ikatwaa kompani, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Katika nyumba nyingi baba alibaki juu ya kiti mbele ya mlango, na mama akatoka kwenda shambani, sokoni, kuuza makala na mboga. Kazi iligeuka, na miili pia.

MUNGU ALIUMBA MIILI MIWILI

Mwili wa mwanaume na mwili wa mwanamke haviweki mafuta mahali pamoja. Kijana mwanaume akinenepa, mara nyingi anaanza na tumbo. Kwa hiyo mwanaume hupata sukari hata kama unene wake si mkubwa sana. Mwanamke, tangu anapovunja ungo hata hedhi inapokoma, huweka mafuta yake kwanza katika mapaja na matako, na damu yake huwa na mafuta ya namna njema kuliko ya mwanaume. Huo ni ulinzi.

Lakini ulinzi huo una mwisho. Hedhi ikikoma, mafuta yanahama kwenda tumboni, tansio inapanda, na mama anamfikia baba. Tena kuna mlango mwingine ambao mwanaume hana: mimba. Wanawake wengine hupata sukari wakiwa na mimba, nayo inapotea wakiisha kuzaa. Watu wanafurahi na kusahau. Wasisahau. Mama wa namna hiyo ana hatari kubwa ya kupata sukari ya daima baada ya miaka. Mama aliyezaa mtoto mzito, kupita kilo 4, amwambie mganga habari hiyo hata kama mtoto amekwisha kuanza shule. Na mwanamke akipata sukari, ulinzi wa moyo wake unavunjika zaidi kuliko ule wa mwanaume. Kwa hiyo maneno ya watu kwamba «sukari ni ugonjwa wa mabosi wanaume» ni uongo, na uongo huo unaua wamama.

Na kazi ngumu, je? Wachimbaji na wabeba mizigo husema: Sisi tunatoka jasho, hatuna hatari. Hapa lazima niseme jambo ambalo lilinishangaza mimi mwenyewe. Mwaka 2018 wataalamu walikusanya masomo mengi, yenye habari za watu zaidi ya 190,000. Wanaume wa kazi nzito sana walikufa mapema kuliko wanaume wa kazi nyepesi. Hatari yao ilizidi kwa 18 katika 100. Kwa wanawake hawakuona hivyo. Sababu? Wanafikiri kwamba kubeba na kuinua saa nyingi bila kupumzika kunapandisha tansio siku nzima, na moyo haupati usiku wa kutosha wa kujitengeneza. Mtu anayetembea kwa hiari huongeza mwendo akitaka, hupumzika akichoka. Mbeba gunia hachagui. Wengi wao tena huvuta tumbako, hunywa lutuku ili kusahau maumivu, hula mara moja tu, usiku, kilima cha bukari na chumvi nyingi. Ng'ombe wa jembe anayepigwa bila kupumzishwa hanenepi, lakini haishi sana.

Kazi ya usiku ni jambo jingine. Mlinzi, muuguzi, mtu wa mitambo ya machimbo: hao hula saa ambayo mwili unataka kulala, na insulini yao inafanya kazi vibaya saa hizo. Wafanyao kazi ya zamu za usiku miaka mingi hupata sukari kuliko wengine. Wale chakula kikubwa kabla ya kuingia kazini, na usiku wachukue kidogo tu, karanga au mayai, si sukre na vitumbuwa.

Basi, shauri haliwezi kuwa moja kwa wote. Dereva, karani, mbadilisha feza mwenye meza yake barabarani, mwendesha pikipiki: hao wanahitaji kutembeza miguu. Shirika la Afya la Dunia linasema dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa nguvu, au zaidi. Hiyo ni nusu saa, siku tano. Mama anayelima shamba la mbali na kubeba makala asiambiwe «fanya mazoezi». Ni matusi. Huyo anahitaji kupumzika, kula maharagwe na samaki kama wanaume wanavyokula, na mtu wa kumsaidia mzigo. Katika nyumba ngapi nyama inamalizika katika sahani ya baba, ambaye amekaa, na mama aliyelima anabaki na bukari na mchuzi?

Mama wa soko ndiye ninayemwogopea kuliko wote, kwa maana kila mtu anamwona kuwa mchapa kazi, na kweli ni mchapa kazi. Anaamka saa kumi za usiku. Lakini kazi yake ni ya kukaa. Hawezi kuacha mali yake, kwa hiyo hatembei. Anakula kile kinachopita mbele yake, mkate, vitumbuwa, chupa ya sukre. Anabana mkojo, anapunguza maji ili asiende chooni. Na mawazo ya deni hayamwachi. Akirudi nyumbani anapika na kula saa tatu usiku, analala. Mama, patana na jirani wa meza: mmoja alinde meza mbili, mwingine azunguke soko lote mara mbili, halafu mbadilishane. Chukua karanga za kukaanga na chungwa kutoka nyumbani. Maji, si sukre. Munkoyo pia, usiutie sukari.

KAMBA YA KUPIMIA

Huna metre? Chukua kamba. Simama bila viatu, mwenzako apime urefu wako wote kwa kamba, tangu kisigino hata utosi, na kuikata hapo. Ikunje mara mbili sawasawa. Sasa izungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu, juu ya ngozi, bila kuvuta tumbo ndani. Pumua, usidanganye kamba. Kama ncha mbili zinagusana, ni vema. Kama hazifikiani, mafuta ya tumbo yamezidi. Kipimo hiki kinafaa kwa baba na kwa mama. Wenye metre wanahesabu hivi: mwanaume, hatari inaanza kwa sentimeta 94, mwanamke, kwa sentimeta 80. Mama mwenye mimba asijipime kwa kamba.

Kamba haitoshi. Mtu mwembamba anaweza kuwa na tansio. Kila mtu aliyepita miaka 40, na kila mtu ambaye kamba imemkataa, aende kituo cha afya. Tansio wakikuambia 14 kwa 9 au zaidi, siku mbali mbali, ni ugonjwa. Sukari upimwe asubuhi bila kula: chini ya 100 ni vema, toka 100 hata 125 ni onyo, 126 au zaidi, ikipimwa mara mbili, ni ugonjwa wa sukari. Dawa za tansio huliwa kila siku. Wengi huziacha wakijisikia vizuri. Lakini wanajisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Wanaume ndio wabaya kwa kwenda kupimwa. Wamama hupimwa wakienda na mimba. Baba anangoja mpaka aanguke.

LUPANGO LAKO

Sasa turudi katika udongo. Bukari usiiache, ni chakula chetu. Lakini igeuze sahani: nusu iwe mboga, robo iwe maharagwe, samaki au yai, na robo bukari, kadiri ya ngumi yako, si kilima. Ukipata unga usiokobolewa, chukua huo. Sombe uitwange na kuichemsha sana ili sumu ya mihogo itoke. Mafuta ya ngazi utie kwa kijiko, usimimine kwa chupa. Chumvi ya siku nzima isipite kijiko kidogo kimoja kwa mtu, pamoja na ile iliyo ndani ya makayabu na vipande vya Maggi. Makayabu yalowekwe, maji yabadilishwe mara mbili.

Neno moja juu ya mahali pa kulima, kwa sababu Ruashi ni jirani ya machimbo ya shaba na kobalti. Mwaka 2009 wataalamu wa Universite ya Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu waishio karibu na machimbo na mitambo ya Katanga walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo. Usilime mboga chini ya kilima cha takataka za machimbo, wala kando ya mfereji unaotoka huko. Majani yachukuayo vumbi yaoshwe mara tatu kwa maji safi. Kama udongo wa lupango unatia shaka, lima katika magunia au vitalu vilivyoinuliwa, kwa udongo ulioletwa kutoka mahali safi na mbolea ya majani.

Na nani atalima? Yule anayekaa kazini. Baba dereva, baba karani, jembe la lupango ni lako. Mama anayetoka shambani aje kukaa. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kwisha Aprili. Lima kitalu upana wa metre moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Changanya lengalenga, majani ya maboga na matembele. Majira ya ukavu umwagilie asubuhi na jioni, na kila ndoo unayobeba kutoka kisimani ni ngazi yako ya London. Mabua ya matembele ukate marefu kama mkono toka kiko hata vidole, uondoe majani ya chini, uzike nusu yake kwa kuinamisha, shibiri mbili kati ya bua na bua. Baada ya wiki sita hivi utachuma mara ya kwanza. Chuma ncha tu, uache shina.